Gari Letu Kuukuu: Tuliuze au Tulitengeneze?

Wanachama wapenzi,

Kama mjuavyo, katika karatasi ya mambo ya mkutano mkuu ujao, jambo la nne ni kuiuza Land Rover ya chama kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Jambo hilo nililiandika mimi mwenyewe, Katibu wenu. Leo nataka kueleza kwa nini nimegeuza shauri langu, na katika maelezo haya sina budi kukiri kosa moja ambalo mpaka sasa nyote mmedhani ni la gari.

Msimu uliopita hakuna aliyeusahau. Gari lilikuwa likitoka mashambani na magunia kumi na nane ya karafuu kavu, mvua ikalikuta bondeni, nalo likasimama. Injini iliwaka vizuri, lakini kila dereva alipotia giya ilizimika, kana kwamba gari limefungwa kamba kwa nyuma. Lilikaa pale siku mbili. Turubali lilivuja, na karafuu iliyoanikwa majamvini kwa jasho la watu ikavunda ikawa mpeta. Wenye magunia yale tunawajua. Mmoja wao ni mama mjane aliyekuwa akizingojea fedha hizo awalipe wachumaji wake. Tangu siku ile kila aliyenikuta njiani aliniambia neno moja: "Bwana Katibu, gari limezeeka, liondosheni." Nami nikakubali.

Baadaye nikasafiri kwenda Bara kumtazama mtoto wa ami yangu, mwenye duka Tunduma, mpakani na Zambia. Kabla ya kufika mjini, basi hupita mahali paitwapo Mpemba. Kondakta alipoita, "Mpemba, shuka!" niliinuka kitini nikidhani naitwa mimi, abiria wakacheka. Kumbe hapo ndipo inapochepuka barabara ya Isongole, katika Wilaya ya Ileje, kiasi cha kilomita hamsini, nayo siku hizi ni ya lami. Ndugu yangu alikuwa na bidhaa za kupeleka huko, tukaenda pamoja.

Isongole iko kando ya mto Songwe, na ng'ambo yake ni Malawi. Bidhaa zetu zilikuwa za kijiji cha juu mlimani, ambako njia ni ya udongo, na mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Tukaambiwa tumtafute mzee mmoja mwenye gari liwezalo kupanda. Nilipoliona gari lenyewe nilisita. Lilikuwa Land Rover 109, ndugu wa lile letu, bali kuukuu kulipita.

Gari la namna hii lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni na chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, ndiyo sababu bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Hiyo 109 ni hesabu ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Aina hiyo iliachwa kutengenezwa mwaka 1985, na Defender iliyofuata nayo ikakoma Januari 2016. Basi 109 iliyo changa kabisa ina umri wa miaka arobaini, na bado zinapanda milima.

Nilimwuliza mzee fundi wake ni nani. Akanionyesha viganja vyake, vyeusi kwa oili. Alisema baba yake alikuwa utingo wa malori zamani za taabu ya Zambia. Wazee mnaikumbuka habari ile: Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, njia ya mafuta ya Zambia ikafungwa, na petroli ikawa inachukuliwa kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, katika njia ya vumbi na tope. Bomba la mafuta lilikuja 1968, na reli ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Kabla ya hapo gari likiharibika porini, aliyelipanda ndiye fundi. Mzee alilelewa katika elimu hiyo.

Nasi tuliiona siku hiyo hiyo. Wakati wa kurudi tulipakia magunia ya mahindi. Mjukuu wake akiwa usukani aliachia klachi kwa ghafla penye jiwe, tukasikia mlio kama wa risasi, gari likasimama. Kilichovunjika ni hafshafti, ile fimbo ya chuma itokayo kwenye difu kwenda kuzungusha gurudumu la nyuma. Mimi nilianza kuwaza tutalala wapi. Mzee akatia mawe chini ya magurudumu, akafungua boliti za kitovu cha gurudumu, akaichomoa fimbo iliyovunjika, na kipande kilichobaki ndani akakinasa kwa kitanzi cha waya. Gurudumu halikutoka, wala hakupiga jeki. Akanieleza kwamba katika Land Rover uzito wa gari haubebwi na hafshafti, hubebwa na ekseli yenyewe. Kazi ya hafshafti ni kuzungusha tu. Kisha akashusha nusu ya magunia, akashindilia kitufe cha manjano kinachotia nguvu magurudumu ya mbele, na gari likatuvuta kwa mbele, polepole, mpaka Isongole. Kesho yake alitia hafshafti nyingine aliyokuwa nayo nyumbani.

Usiku ule nikamsimulia habari za gari letu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Lilipogoma, magurudumu yalikuwa ya moto?"

Nikakumbuka kwamba matone ya mvua yalikuwa yakitoa mvuke juu ya ngoma za breki.

"Mwanangu, kwenye kichupa cha breki mlitia mafuta gani?"

Hapo nilinyamaza. Wiki moja kabla ya safari ile dereva alikuja ofisini kuniambia mafuta ya breki yamepungua, na dukani hayapo. Alipouliza kama atie oili ya injini, nilikuwa nimeinamia hesabu za chama, nikamjibu, "Tia, mafuta ni mafuta." Ruhusa nilitoa mimi.

Mafuta si mafuta, ndugu zangu. Ndani ya silinda za breki mna raba ndogo zilizotengenezwa kukaa katika mafuta ya breki peke yake. Zikipata oili ya injini huvimba, na zikivimba haziwezi kurudi mahali pake. Breki hushika, haziachii, na gari hujifunga lenyewe. Letu halikusimama kwa uzee.

Nilimwuliza kama tungeweza kulinusuru pale pale. Akasema kulegeza zile nipeli za kutolea hewa huenda kungeziachia breki, walakini tungeshuka mlima bila breki. "Gari lisiloondoka hukutia hasara," alisema, "lisilosimama hukutia kaburini. Heri karafuu ilioza." Ndiyo kanuni yake: injini huijaribia mambo mengi, bali breki na usukani hafanyi jambo la kubahatisha.

Asubuhi alinionyesha daftari lake, limeandikwa kwa penseli, ukurasa baada ya ukurasa: tarehe, kilichofunguliwa, kilichotiwa, kilichosikika. Niliyoyanakili ni haya.

Kila siku kabla ya kuwasha injini, tazama maji ya rejeta, oili na mafuta ya breki, kisha uiname uangalie kama pana matone chini. Injini ikichemka, ngoja ipoe. Ukiimiminia maji baridi ingali ya moto, chuma hupasuka. Kila jioni osha tope chini ya gari upate kuona majani ya springi, maana lililoanza ufa leo litakatika kesho. Mara kwa mara pima nafasi ya tapeti, inchi 0.010, na utie grisi kwenye viungo vya propela. Tangi likitoboka njiani, kanda kipande cha sabuni uzibe, litakufikisha nyumbani; lakini usiruhusu mtu achomelee tangi ambalo halikusafishwa kabisa, maana mvuke wa petroli uliobaki hulipuka. Na ukiwasha kwa hendeli, kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha teke, gumba lililozunguka hendeli huvunjika.

Moja naongeza mimi, kwa kuwa mzee hakai pwani. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu, ikatudanganya kwamba gari zima. Chesisi ni ya chuma, na hewa yetu ya chumvi huila kutoka ndani. Kwa hiyo nayo ioshwe kwa maji matamu na kupakwa oili chakavu, ndani na nje.

Niliporudi, Ijumaa baada ya sala, mimi na vijana wawili wa chama tulifungua silinda za breki. Tulizikuta raba zimevimba kama maharage yaliyorowekwa. Tuliziondoa zote, tukasafisha mabomba kwa spiriti, tukatia raba mpya na mipira mipya ya breki, na mafuta yanayostahili. Kabla ya kuliingiza njiani tulimwita fundi mwenye ujuzi wa breki alikague. Gari linakwenda, na linasimama.

Sisemi kwamba limekuwa jipya. Chesisi ina tundu la kutu upande wa kushoto, nyuma, karibu na shikio la springi. Pale panataka kipande kipya na mchomeleaji hodari, na mpaka pawe tayari halitapakia gunia hata moja. Fundi akisema chuma cha pembeni nacho kimekwisha, basi mimi wa kwanza nitanyosha mkono liuzwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chama chetu kina daftari la karafuu, la michango na la mikopo. Gari pekee ndilo halikuwa nalo. Nimelinunua, na ukurasa wa kwanza umeandikwa: tarehe, oili ya injini katika breki, na jina langu.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu badala ya lile la nne: vijana wawili wafundishwe kulitunza gari, pawe na sanduku la spea, ndani yake raba za breki, hafshafti moja na chupa mbili za mafuta ya breki, na yule mama mjane afidiwe hasara yake kutoka mfuko wa chama, nami nikatwe posho yangu mpaka deni hilo liishe.

Mkiyakataa yote, hilo la tatu msilikatae.

Katibu wenu.