Lau Fedha Isingekuwa na Mwisho: Gari Tulizozichagua Goba

Wanachama hawana haja ya kukumbushwa yaliyotupata msimu uliopita. Karafuu mbichi za wenzetu wanne zililala ndani ya magunia kando ya njia kwa siku mbili, usiku na mchana, kwa sababu gari ya kukodi tuliyoahidiwa haikutokea. Magunia yalipofunguliwa yalikuwa yamepata moto mpaka mkono haukai. Kilichobakia ni mpeta. Mtu aliyekuwa juu ya mkarafuu tangu alfajiri, kisha akaambiwa mali yake haina daraja, hana la kusema ila kumshukuru Mungu na kuuliza gari ilikuwa wapi.

Kwa ajili hiyo Kamati ilitutuma sisi watatu Dar es Salaam kwenda kuangalia gari ya jumuiya. Tulivuka mpaka bara kwa kuwa bandari ya Dar ndiyo inayoshusha gari nyingi zilizokwisha kutumika Japani. Nao Wajapani, kama sisi, hupita kushoto na usukani wao uko kulia, kwa hiyo gari zao haziwi na haja ya kugeuzwa. Tulifikia Goba kwa jamaa zetu. Zamani Goba ilihesabiwa katika Kinondoni, na siku hizi imo katika Wilaya ya Ubungo. Ni nchi ya vilima na mabonde, udongo mwekundu, nyumba mpya zilizopanda mpaka juu ya vichwa vya vilima. Barabara kubwa ya kutoka Mbezi kwenda Tangi Bovu imetiwa lami, lakini ukiiacha tu kuingia mitaani, wakutana na njia za udongo ambazo mvua za masika huzichimba makorongo. Tulipoziona tulitazamana. Tulijiona tuko kwetu Pemba, ila hapana mikarafuu.

Katika mtaa mmoja wa namna hiyo, chini ya mwembe, kuna gereji. Msomaji asidhani jumba; kwa Kiswahili chetu gereji ni pahala pa fundi, na pahala pa kulaza gari ni banda. Fundi mwenyewe ni mtu mzima aliyekwisha kufungua gari za Kiingereza, za Kifaransa na za Kijapani kwa zaidi ya miaka arubaini. Vijana wake walitutolea shikamooni, tukapewa benchi na kahawa, nasi tukaanza moja kwa moja kumtajia fedha tuliyonayo. Akainua mkono uliojaa grisi.

"Wazee wangu, fedha yenu iwekeni mfukoni kwanza. Kila anayekuja hapa huanza na bei, akaondoka na bei, gari hana. Hebu jifanyeni masultani. Banda lenu lina nafasi ya gari tano, na fedha haina mwisho. Mtaweka zipi?"

Twakiri kwamba mchezo huu ulitupendeza kuliko inavyowapasa watu wa umri wetu.

Mdogo wetu hakungoja. Akasema Rolls-Royce. Alikuwa amekwenda asubuhi ile kwenye Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako zimewekwa gari za zamani za wakuu wa nchi, na Rolls-Royce aliyoitumia Mwalimu Nyerere imo. Fundi akamwuliza gari hiyo itafika wapi. Akajibu: "Itafika penye lami, na mimi nitashuka nimalizie kwa miguu." Tukaiandika, kwa kuwa fedha haikuwa na mwisho.

Mkubwa wetu akasema yeye hataki motokaa, ataka reli. Na hapa alituambia khabari ambayo baadhi yetu tulikuwa hatuijui vizuri, nayo ni khabari ya mtu wa visiwani ambaye kwa kweli fedha yake ilikaribia kutokuwa na mwisho. Sayyid Barghash alijenga reli ndogo kutoka mjini Unguja mpaka jumba lake la Chukwani, kiasi cha maili saba, mnamo mwaka 1879. Mwanzo mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, yaani wale wanyama wa baba punda na mama farasi, kisha ikaletwa injini ya moshi kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli nayo ilikwisha. Ilikuwa ya kumpeleka Sultani kwenye jumba lake, na mkulima hakupata kuweka juu yake hata pakacha moja. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga nyingine, kutoka mjini mpaka Bububu, na hiyo watu waliipanda khasa. Lakini katika miaka ya 1920 abiria waliiacha, motokaa zikachukua kazi yake. Pemba hatukupata reli yoyote. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema reli haiingii bandani, na mkubwa wetu akakubali kushindwa.

Neno nyumbu likatupeleka kwa lori la Nyumbu, lililoundwa na Watanzania wenyewe huko Kibaha, si mbali na Goba ukishika barabara ya Morogoro. Tulilitamani kwa heshima. Lakini fundi aliuliza vipuri tutavipata wapi tukiwa Wete, tukanyamaza.

Basi tukafika kwenye gari zinazozungumzika. Ya kwanza aliitaja fundi mwenyewe, na macho yake yalibadilika: Pijo 404. Vijana wa leo hawajui jina hili lilikuwa nini katika nchi zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1963 gari 84 ziliondoka, zikarudi 7 tu. Ya mbele ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ilishinda 404 tena, na mara hizo dereva alikuwa Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam hii hii. Mwaka 1968 mvua ikaharibu kila kitu, zikaondoka gari 93 na kufika 7, na Nowicki akawa wa kwanza tena kwa 404. Fundi alikuwa mtoto, lakini aeleza kama aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma. Siri yake, asema, ni springi ndefu na laini: gurudumu moja likiingia shimoni, mengine matatu hayaachi kushika ardhi.

Mdogo wetu akapinga kwa kusema kuwa hao walikuwa na makampuni nyuma yao. Fundi akamjibu kwa Joginder Singh. Mwaka 1965 Singh huyo na ndugu yake Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikwisha kutumika mwaka uliotangulia. Yaani gari ya mkono wa pili, kama tunayoitafuta sisi. Khabari hii ilitutia moyo kuliko Rolls-Royce. Tukaiweka 404 bandani kwa kazi ya arusi na ya kupeleka mgonjwa Chake.

Ya pili ilikuwa Landrova, na hapana aliyepinga. Gari hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Nasi watu wa pwani, ambao chumvi ya bahari hutula hata misumari ya mlango, tukasema hiyo ndiyo gari yetu. Fundi akacheka. Akatuinamisha chini ya Landrova moja iliyokuwa juu ya magogo na kutuonyesha fremu. Bodi ilikuwa nzima kama sufuria jipya, na fremu imeoza kama muwa wa mwaka jana. "Aluminiamu iko juu," akasema, "na chuma kiko chini, kinapobeba mzigo. Wanunuzi hutazama juu." Kiwanda kiliacha kuunda Landrova za umbo lile la zamani Januari 2016, lakini bado zimejaa katika nchi hii, mwezi wa Oktoba 2024 zilikusanyika mamia Arusha na kupita barabarani kama harusi.

Ya tatu ni Land Cruiser, ile ngumu ya namba 70, ambayo ilianza kutoka mwaka 1984 na mpaka leo Wajapani wanaiunda. Fundi aisifu injini yake ya diseli ya silinda sita, lita 4.2, ambayo haina tabo wala kompyuta, na ambayo mtu aweza kuitengeneza chini ya mwembe. Isichanganywe na yale mashangingi ya wakubwa, yenye viti vya ngozi. Hayo tuliyakataa wote kwa sauti moja. Mtu atakayeweka magunia ya karafuu mbichi juu ya ngozi ile atakaa na harufu yake mpaka kiama, na ngozi itakaa na doa lake.

Ya nne ni Bedford ya mbao, na hapa hatukutumia akili hata kidogo. Ni nani katika sisi ambaye hakupanda gari ya mbao utotoni, bodi imechongwa na seremala wa hapa hapa, abiria ndani, kuku na ndizi juu? Ilikuwa polepole na moshi wake mwingi, na twaitaka.

Mpaka hapo banda lilikuwa karibu kujaa na jua limeinama. Ndipo mwenyeji wetu, Bi mmoja mzaliwa wa Mkoani aliyekuja kutuita chakulani, aliposimama nyuma ya benchi akauliza: "Kwani hizo karafuu ziliharibikia barabarani?"

Tukamwambia la, ziliharibikia zikingoja.

"Zikingoja wapi?"

Tukafikiri. Zilikuwa zikingoja pale ambapo mchumaji alizifikisha kwa kichwa, yaani mwisho wa njia ya miguu, ambako hata hiyo gari ya kukodi isingeweza kuingia. Hakuna katika gari zetu nne ambayo ingepita pale, labda Landrova wakati wa kiangazi. Bi akasema tena: "Nanyi mwabeba maji. Kilo tatu za mbichi hutoa kilo moja kavu. Gari yenu kubwa itachoma mafuta kubeba kilo mbili za maji mpaka mjini."

Twaandika maneno haya kama alivyoyasema, kwa sababu hatukuwa na jibu. Mzigo ambao haukubali kungoja ni ule mbichi, nao hutakiwa kufika majamvini au sakafuni siku ile ile, upate siku zake nne au tano za jua. Ukishakauka vizuri waweza kungoja lori wiki nzima bila ya hasara. Hivyo gari ya haraka ni ya mwendo mfupi, na gari ya mwendo mrefu haina haraka. Sisi tulikuwa tukitafuta gari moja ya kufanya yote mawili.

Nafasi ya tano ya banda, ambayo mdogo wetu alikwisha kuishika kwa Rolls-Royce, tukamnyang'anya. Fundi akatuonyesha kilichokuwa kimesimama pembeni siku nzima bila ya mtu kukitazama: Suzuki Carry, ambayo bara huiita Kirikuu. Ni kigari kidogo cha mizigo. Sheria ya Japani haikiruhusu injini yake kupita sentimita za ujazo 660, wala mzigo wake kupita kilo 350, yaani magunia saba ya kilo 50. Zipo zinazosukuma kwa magurudumu yote manne, na fundi atuusia tusichukue nyingine yoyote kwa vilima vya Pemba. Tuliipanda kwenye kilima kimoja cha Goba, watu watatu na magunia manne ya mchanga, njia imekatika katikati kwa maji ya mvua. Ilinguruma kama cherehani, ikafika juu. Pijo ingepita kwa fahari zaidi, lakini upana wa njia ile haukuwa wa Pijo.

Aibu zake tuziseme pia. Bati lake ni jembamba na chumvi italipenda. Fundi ataka ioshwe chini kwa maji baridi kila wiki na kupakwa mafuta machafu ya injini, na dereva asiyefanya hivyo aondolewe. Na kilo 350 ni kilo 350. Mtu wetu wa visiwani akiona nafasi juu ya mzigo huona dhambi kuiacha wazi.

Kisha fundi akasema, "Sasa nitajieni fedha yenu." Tukaitaja. Akachukua chaki akafuta Land Cruiser, akafuta 404 na Landrova iliyo nzima, na Bedford akaiacha kidogo kwa ajili ya mapenzi kisha akaifuta. Kwa fedha ile twapata ama lori moja la Canter lililotumika, ama Kirikuu mbili za magurudumu manne na akiba ya vipuri. Lori litapeleka karafuu kavu mjini, na Kirikuu zitatoa mbichi chini ya miti. Sisi watatu twaelekea kwenye Kirikuu, na lori tulikodi kwa mzigo mkavu usio na haraka. Lakini neno la mwisho ni la mkutano.

Ili mkutano usikate shauri kwa kubahatisha, kila mwanachama na apime kwa hatua zake mwendo wa kutoka mkarafuu wake wa mbali mpaka pahala ambapo gari huweza kusimama, na kutoka hapo mpaka sakafu ya kuanikia, na aandike kama njia ni pana au nyembamba. Karatasi apewe Katibu. Mwenzetu wa Rolls-Royce amekwisha leta yake: hatua 610, njia nyembamba, na mto mmoja.