Mama mjamzito na homa ya ini aina ya C

Ukiwa mja mzito nawe unaishi Nyanchwa, hapo mjini Kisii, kliniki haiko mbali. Utapimwa uzito na presha, utatoa mkojo, na damu itachukuliwa ili kuangalia wingi wake, kundi lake, virusi vya Ukimwi na kaswende. Ukirudi nyumbani utawaambia watu kwamba umepimwa kila kitu. La, msomaji, hujapimwa kila kitu. Homa ya ini aina ya C, au hepatitisi C, si miongoni mwa vipimo vya kawaida vya wajawazito hapa Kenya. Mama anaweza kuwa nayo, akazaa mara tatu au nne, na asijue.

Ugonjwa huu ni wa kimyakimya. Virusi vyake viligunduliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari waliuita tu homa ya ini "isiyo A wala B". Unaweza kukaa mwilini miaka 20 au zaidi bila maumivu huku ini likiharibika polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 50 walikuwa nao. (Usiuchanganye na homa ya manjano, ambayo huletwa na mbu.)

Huambukizwa kwa damu kuingia katika damu ya mwingine: sindano iliyotumiwa na mtu mwingine, damu ya kuongezwa ambayo haikupimwa, wembe wa kuchanjia, au ule wa kukeketa wasichana, jambo ambalo sheria ya mwaka 2011 ililipiga marufuku lakini ambalo halijaisha huku Gusii. Misri ilipata funzo chungu. Kampeni ya kutibu kichocho kwa sindano, iliyoanza miaka ya 1950, ilieneza virusi hivi kwa sababu sindano zilirudiwa bila kuchemshwa vizuri. Kula sahani moja, kukumbatiana au kupeana mkono hakuambukizi.

Sasa tuje kwa mimba yenyewe. Wengi wenye virusi hivi hubeba mimba na kujifungua salama. Hata hivyo, hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo huongezeka, na baadhi ya akina mama hupata mwasho mkali wa viganja na nyayo unaotokana na nyongo kutotiririka vizuri. Usiuone mwasho huo kuwa kitu kidogo. Mwambie mkunga siku hiyo hiyo. Macho nayo yakigeuka manjano, nenda hospitali mara moja, kwa maana huenda ikawa aina nyingine, kama vile E, iliyozuka katika kambi za Dadaab mwaka 2012 na ambayo huua wajawazito upesi.

Je, mtoto? Kati ya akina mama 100 wenye virusi vya C mwilini, takriban 6 huwaambukiza watoto wao. Mama akiwa pia na virusi vya Ukimwi, idadi hiyo hukaribia mara mbili, na ndiyo sababu dawa za Ukimwi zisikatizwe. Kuzaa kwa upasuaji hakumkingi mtoto, basi usikubali kisu kwa sababu hiyo pekee.

Linalonisikitisha zaidi ni mama kumwachisha mtoto ziwa kwa hofu. Maziwa ya mama hayaenezi hepatitisi C. Nyonyesha. Ila chuchu zikipasuka na kutoa damu, pumzisha ziwa hilo mpaka lipone, ukikamua na kumwaga maziwa yake.

Jambo jingine linalowatoa watu machozi bure ni kipimo cha kwanza. Hicho hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, si virusi vyenyewe. Kwa watu 30 hivi kati ya 100 mwili huvifukuza virusi bila dawa, lakini askari hubaki. Ndiyo maana kipimo cha pili, cha kutafuta virusi, ni cha lazima. Ni ghali kuliko cha kwanza na si kila maabara hukifanya. Uliza katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Mtoto pia huzaliwa na askari wa mama yake, na wanaweza kukaa naye hadi miezi 18. Kipimo cha kingamwili kabla ya umri huo kitakudanganya.

Aina ya C haina chanjo. Chanjo ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14 hukinga aina ya B. Lakini C inapona! Vidonge kama sofosbuviri na daklatasviri, vikimezwa kila siku kwa wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Kwa kawaida mjamzito husubiri ajifungue ndipo aanze, kwa kuwa usalama wake katika mimba bado unachunguzwa. Ribavirini, dawa ya zamani, hairuhusiwi kabisa wakati wa mimba. Ukisubiri, achana na chang'aa na mitishamba ya "kusafisha ini", maana baadhi yake huliumiza ini hilo hilo.

Ikiwa uliwahi kuongezwa damu zamani, kuchanjwa kwa wembe wa wengi au kudungwa sindano mitaani, mweleze mkunga katika ziara yako ya kwanza na uombe kipimo cha C kwa jina lake.