Ngoma ya Breki na Chuma Kiifaacho

Watu wengi waionapo motakaa hustaajabia mwendo wake. Ni wachache waulizao husimama kwa nguvu gani. Lakini gari lisiloweza kusimama ni hatari kuliko lisiloweza kwenda. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya ngoma ya breki, na jinsi mafundi walivyotaabika kupata chuma kiifaacho.

Ngoma hii ni mviringo wa chuma, mfano wa sufuria, uliofungwa pamoja na gurudumu na kuzunguka nalo. Katika motakaa nyingi za kwanza ukanda ulizungushwa nje ya ngoma, na dereva alipoukaza uliibana. Ukanda huo uliingiwa na maji na matope, ukateleza. Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alitengeneza breki ambayo viatu vyake vilikaa ndani ya ngoma. Dereva akanyagapo, viatu hutanuka na kusugua ukuta wa ndani.

Basi, kusugua huleta joto. Asiyesadiki na apekeche viganja vyake kwa haraka, ataona. Nguvu za mwendo wa gari hugeuka kuwa joto katika breki. Tena mwendo ukizidi mara mbili, joto la kulisimamisha gari huzidi mara nne, wala si mara mbili. Kwa hiyo kadiri magari yalivyozidi uzito na mbio, ngoma za zamani zilishindwa na kazi.

Ngoma nyingi za wakati ule zilifanywa kwa bamba la pua, yaani chuma kigumu kama cha visu, lililobanwa kwa mashine hata likapata umbo la sufuria. Zilikuwa nyepesi, wala hazikuvunjika upesi. Lakini ukuta wake ulichorwachorwa na viatu, na zilipopata moto zilitanuka na kupotoka, zikaacha kuwa mviringo kamili.

Wengine wakajaribu chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hiki kina chembe za makaa ndani yake, nazo hukisaidia kupitisha joto na kustahimili kusuguliwa. Ila kina kasoro yake: ni kizito, na kikipigwa kwa kishindo hupasuka. Hivyo kila chuma kilikuwa na sifa iliyokosekana kwa mwenzake.

Mafundi wakaona heri kuviunganisha. Kiwanda cha Campbell, Wyant and Cannon, katika mji wa Muskegon, Marekani, kilitengeneza ngoma zilizojulikana kwa jina la Centrifuse, zikatumika katika magari ya miaka ya 1930. Gamba la pua lilitiwa moto, likazungushwa kwa kasi, na chuma kilichoyeyuka kikamiminwa ndani. Kama vile maji yasivyomwagika katika ndoo izungushwayo upesi, chuma kile kilisukumwa ukutani, kikaenea sawasawa na kushikamana na gamba. Gamba halikuyeyuka, kwa sababu pua huyeyuka kwa joto la karibu digrii 1,500, bali chuma cha kusubu huyeyuka kwa karibu 1,200 tu. Hivyo nje palikuwa na nguvu za pua, na ndani ukuta uliovumilia kusuguliwa.

Hata leo malori na mabasi mengi yana ngoma za breki, na hata iliyo bora haikosi kupata moto. Ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu, na bitana ya viatu nayo hupunguza kushika. Dereva hukanyaga, gari lisitii. Kwa hiyo dereva ateremkaye mlima mrefu na atie gia ndogo tangu juu, ili injini isaidie kuzuia gari, wala asikanyage breki mfululizo hata chini. Nanyi abiria, mkimwona dereva akipoza breki kando ya njia, msimharakishe: anayangojea maisha yenu.