Moyo na Pumzi Wakati wa Mazoezi (Sehemu ya Pili)

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na kila pigo hutoa takriban mililita 70 za damu: jumla karibu lita 5. Mtu akitaka kukimbia, mapigo huweza kupanda hata kabla hajainua mguu, kwa sababu ubongo hulegeza neva ya vagasi ambayo kazi yake ni kuutuliza moyo. Kisha adrenalini huongeza kasi na nguvu. Kijana asiye mwanamichezo hufikia lita 20 hivi kwa dakika. Mkimbiaji hodari hupita 30.

Damu hiyo haigawanywi sawasawa. Mishipa ya tumbo na figo hubana, ya misuli hutanuka, na misuli inayofanya kazi, ambayo mwili ukitulia hupata kama sehemu moja ya tano tu, huchukua zaidi ya robo tatu. Anayeshiba ugali na kuingia uwanjani papo hapo hulijua hilo kwa kichomi na kichefuchefu.

Kuhusu pumzi, wengi hukosea. Hudhani kuhema ni dalili kwamba oksijeni imepungua katika damu, ilhali kwa mwenye afya njema, damu itokayo mapafuni hubaki imejaa oksijeni hata katika mbio kali. Kinachoharakisha pumzi ni amri ya ubongo wenyewe, taarifa za neva kutoka misulini, na haja ya kutoa hewa ukaa na kupunguza asidi. Hewa inayovutwa, lita 6 hadi 8 kwa dakika wakati wa mapumziko, hupita lita 100, na bado mapafu huwa na akiba. Kinachofika kikomo kwanza ni moyo. Mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill alifikia hitimisho hilo mwaka 1923, baada ya kuona kwamba iko kasi ambayo mtu akiipita, oksijeni anayotumia haiongezeki tena.

Kwa hiyo mazoezi ya muda mrefu huacha alama zaidi moyoni kuliko mapafuni. Chumba cha chini cha kushoto hupanuka, kila pigo hutoa damu nyingi zaidi, na mapigo ya mapumziko huweza kushuka hadi 40. Daktari Msweden Salomon Henschen aligundua mioyo mikubwa ya washindani wa mbio za theluji mwaka 1899 kwa kugonga vifua vyao kwa vidole tu. Mapafu yenyewe hayakui kwa kiasi cha maana; misuli ya kupumulia ndiyo inayoimarika.

Mlimani hali hubadilika. Iten, Kenya, iko mita 2,400 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya oksijeni ni ndogo. Mgeni kutoka Mombasa huhema na moyo kumdunda kwa mwendo ambao pwani aliuona mwepesi. Figo zake huongeza homoni ya erithropoietini, nayo huamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi, kazi inayochukua wiki kadhaa.