Programu Ikiondolewa, Maandishi Hubaki Wapi?

Shule iliyokuwa na taipureta iliweza kuiuza au kuiacha ikashikwa na kutu, na barua zilizopigwa kwayo zikaendelea kusomeka kabatini. Kwa kompyuta mambo si hivyo. Mtihani uliotungwa kwa kompyuta huhifadhiwa kwa alama ambazo jicho halizioni, wala haufunguki ila kwa programu inayozielewa alama hizo. Hivyo basi, mwalimu anayekusudia kuacha programu za ofisini za kununua na kutumia zile za bure katika mfumo wa Linux hana budi kujua mambo mawili: programu ikiingia hukaa wapi, na ikitoka huondoka na nini.

Tuchukue mfano wa LibreOffice. Asili yake ni Ujerumani, ambako Marco Börries alianzisha kampuni ya Star Division mwaka 1985. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikatoa hadharani msimbo wa programu yake, yaani maandishi yanayoiunda, kwa jina la OpenOffice.org. Kutokana na msimbo huo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ambayo maagizo yake yalikuwa ya Kiswahili. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, baadhi ya watengenezaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice.

Wenye programu wamebadilika mara kadhaa, lakini maandishi hayakupotea. Sababu ni kwamba muundo wa faili zake, uitwao OpenDocument, uliidhinishwa mwaka 2006 kuwa kanuni ya kimataifa, namba ISO/IEC 26300, na yeyote aweza kuusoma. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha hilo wenyewe. Chukueni nakala ya faili, tuseme mtihani.odt, iwekeni katika folda yake peke yake, kisha andikeni:

unzip mtihani.odt

Mtaona kwamba faili hiyo ni kifurushi tu. Ndani yake mna faili iitwayo content.xml, na mkiifungua kwa programu yoyote ya maandishi matupu mtayakuta maneno yenu, yamezungukwa na alama za mpangilio. Hata LibreOffice ikitoweka duniani, maneno hayo yataokolewa.

Kuiweka programu si kazi kubwa. Katika Debian au Ubuntu, programu hutoka katika ghala la pamoja, na chombo kiitwacho apt hukagua ni vitu gani vingine vinavyohitajika na kuvileta pia. Agizo ni hili:

sudo apt install libreoffice

Neno la kwanza huomba mamlaka ya msimamizi wa mashine. Mzigo wenyewe ni mkubwa, kwa hiyo subiri siku ambayo mtandao ni mzuri. Kwa kompyuta kongwe yenye kumbukumbu ndogo, AbiWord yatosha kwa barua, na Gnumeric kwa jedwali la alama.

Katika matumizi, jambo linalowasumbua wengi ni hati iliyotoka katika Microsoft Word. Mtihani wa kurasa nne hugeuka kurasa tano, na swali hutengwa na mchoro wake. Mara nyingi kosa ni la herufi: aina iliyotumika haimo katika mashine, na ile inayoshika nafasi yake ina upana tofauti. Herufi za Liberation zilitengenezwa zikiwa na upana sawa na Times New Roman na Arial, na Carlito ina upana sawa na Calibri. Ziwekwe kabla ya kuilaumu programu. Hati inayokwenda kuchapwa kwingine na ipelekwe kama PDF.

Sasa tuje kwenye kuondoa, ambako hatari halisi ipo. Agizo la apt remove libreoffice laweza kukushangaza: huondoa jina lililo kama orodha tu, huku sehemu zenyewe zikibaki katika /usr. Agizo la apt autoremove ndilo huondoa vitu vilivyoletwa kwa ajili yake na ambavyo havihitajiwi na kingine. Soma orodha inayoonyeshwa kabla ya kukubali. Agizo la apt purge huongeza kufuta mipangilio ya mfumo iliyo katika /etc. Hakuna hata moja kati ya hayo linalogusa /home, ambamo mna hati zako.

Lakini humo humo /home mna folda iliyofichwa, .config/libreoffice, na wapendao usafi huifuta bila kuichungulia. Ndani yake, katika 4/user/wordbook, mna faili ya standard.dic. Humo hukaa kila neno ambalo mwalimu ameifundisha programu isilipigie mstari mwekundu: majina ya wanafunzi, ya vijiji, na istilahi za somo lake, labda za miaka kadhaa. Inakili kwanza katika diski ya flashi. Siku programu itakapowekwa upya, funga LibreOffice, irudishe faili hiyo mahali pake, kisha uifungue tena.