Bomba la moshi la gari la zamani: Fundi wa kuaminiwa hupatikanaje?

KATIKA miji mingi ya Tanzania, magari ya zamani ya njia ngumu bado hayajastaafu. Land Rover 109 za miaka ya 1970, Defender 110 za miaka ya 1990 na Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo wengi huziita mkonga, zingali zikibeba watalii, wagonjwa, magunia ya mahindi na familia zinazokwenda likizo mikoani. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilidhihirisha jinsi magari hayo yanavyoenziwa.

Hata hivyo, umri una gharama zake, na miongoni mwa viungo vinavyotangulia kuchoka ni bomba la moshi, au ekzosi kama linavyojulikana gereji. Bomba hilo hushambuliwa kutoka pande mbili. Kwa ndani, mvuke unaotokana na kuungua kwa mafuta hupoa na kuwa maji yenye asidi, hasa kwa gari linalofanya safari fupi fupi za mjini. Kwa nje hupigwa na mawe, hukandikwa tope na, katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, huliwa na hewa ya chumvi.

Linapotoboka, mwenye gari hugundua jambo jingine: bomba jipya la dukani mara nyingi halimfai. Huenda gari lilikwisha kubadilishwa injini, kuinuliwa springi, kuongezwa tangi la mafuta au kufungwa turbo. Bomba lililobuniwa kiwandani kwa gari hilo haliingii tena mahali pake. Njia inayobaki ni kutengenezewa bomba la kupimwa, kama mtu anavyoshonewa suti. Hapo ndipo swali linapozuka: gari lipelekwe kwa fundi gani?

Si suala la kelele pekee

Wengi huamini kwamba bomba la moshi lipo kwa ajili ya kupunguza kelele. Kelele ni kazi ya sailensa. Kazi ya kwanza ya bomba zima ni kuupeleka moshi mbali na watu waliomo ndani ya gari.

Katika moshi huo kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Anayeivuta huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, dalili ambazo msafiri hudhani ni uchovu wa njiani. Akiendelea kuivuta, hupoteza fahamu na anaweza kufa.

Injini ya petroli hutoa gesi hiyo kwa wingi kuliko ya dizeli, lakini moshi wa dizeli nao si wa kuchezea. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi huo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Magari ya aina hii yana hatari ya ziada kutokana na umbo lake. Nyuma yake ni wima kama ukuta. Gari linapokwenda, hewa huzunguka nyuma ya mlango na kuvuta kila kilichopo, ndiyo maana kioo cha nyuma hujaa vumbi kuliko vingine vyote. Bomba likiishia chini ya sakafu, moshi nao huvutwa vivyo hivyo, kisha hupenya kupitia mpira wa mlango uliochakaa, matundu ya sakafu au dirisha lililoachwa wazi. Wanaoumia kwanza ni abiria wa viti vya nyuma, na mara nyingi hao ni watoto.

Kwa sababu hiyo, mdomo wa bomba hauna budi kuvuka ukingo wa bodi, ama nyuma kabisa ama ubavuni, mbali na madirisha yanayofunguliwa. Fundi anayeshauri bomba likatwe fupi ili kuokoa chuma anastahili kuachwa mapema.

Pa kuanzia kutafuta

Kazi hii imegawanyika baina ya fani mbili ambazo si mara nyingi hukutana kwa mtu mmoja. Ipo fani ya mchomeleaji, anayejua chuma, na ipo fani ya makanika, anayejua namna gari linavyocheza likiwa barabarani. Mchomeleaji wa mageti anaweza kuunga bomba likapendeza, lakini asijue kwamba ekseli ya nyuma hupanda gari linapoingia shimoni. Makanika hodari naye anaweza kuwa na mkono mzito kwenye mashine ya kuchomelea. Anayetafutwa ni yule aliye na zote mbili, au gereji ambamo wawili hao hufanya kazi pamoja.

Jijini Dar es Salaam, eneo la Gerezani, Kariakoo, limejijengea jina kwa mafundi wa chuma na wauzaji wa vipuri. Arusha ina faida ya pekee, kwa kuwa gereji nyingi za huko huishi kwa kuyaandaa magari ya watalii yanayokwenda Serengeti na Ngorongoro. Fundi wa huko amezoea kuona bomba likirudi likiwa limepondwa na mawe, na kila linaporudi hujifunza jambo.

Njia ya uhakika zaidi ni kuwauliza madereva wa magari yanayofanana na hilo ambayo hufanya kazi kila siku: ya kampuni za utalii, ya hospitali za misheni na ya miradi ya vijijini. Swali linalofaa si nani hutengeneza vizuri, maana kila mtu ana rafiki yake. Swali ni nani alitengeneza bomba ambalo limepita misimu miwili ya mvua bila kurudi gereji. Ikiwezekana, mwenye gari ainame mwenyewe chini ya gari hilo alitazame.

Fundi mzuri huuliza kwanza

Alama ya kwanza ya fundi anayestahili kuaminiwa ni maswali yake kabla ya kutaja bei. Atataka kujua ni injini gani iliyomo, ina turbo au haina, gari hubeba mzigo gani, hupita njia gani, na lina tangi la ziada au la. Anayetaja bei akiwa bado amesimama mlangoni anauza bomba, hatengenezi la kupimwa.

Maswali hayo yana sababu. Upana wa bomba hutegemea injini. Injini yenye turbo hunufaika na bomba pana, na kwa Land Cruiser yenye injini ya lita 4.2 iliyofungwa turbo, bomba la inchi 3 ni la kawaida. Injini isiyo na turbo ni habari nyingine. Bomba likiwa pana kupita kiasi, kasi ya moshi hupungua, moshi hausaidii tena kuvuta ule unaoufuata kutoka kwenye silinda, na gari hupoteza nguvu katika mizunguko ya chini. Nguvu hiyo ndiyo inayohitajika kupanda mlima wenye tope.

Mwenye gari akumbuke pia kwamba tofauti ndogo ya upana ina athari kubwa. Kutoka inchi 2 kwenda inchi 2.5, nafasi ya kupita moshi huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kinyume chake nacho ni kweli: bomba la inchi 2.5 lililobonyea kwenye kona hadi nafasi yake ikalingana na ya inchi 2 limepoteza zaidi ya theluthi moja ya njia yake.

Kona hizo ndizo kipimo cha ufundi. Mashine nzuri ya kukunjia huliacha bomba na umbo lake la duara. Pasipo mashine hiyo, mafundi wa siku nyingi hujaza bomba mchanga mkavu, huziba ncha, hupasha moto na kukunja taratibu. Mchanga hulazimika kuwa mkavu kabisa, kwani wenye maji hutoa mvuke unaoweza kulipasua bomba. Njia hiyo ni halali na hutoa kazi safi. Isiyokubalika ni kona iliyojikunyata kama mkono wa shati.

Chuma cha aina gani?

Chuma cha kawaida ni rahisi kununua na kuchomelea, ila huota kutu upesi. Kilichopakwa alumini hudumu zaidi. Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, hudumu kuliko vyote, lakini bei yake ni kubwa na kinahitaji mchomeleaji aliyekizoea.

Wanunuzi hupenda kukipima kwa sumaku, wakidhani kwamba stenlesi halisi hainasi. Kipimo hicho hupotosha. Aina ya 304 kwa kawaida hainasi, lakini aina ya 409, ambayo hutumiwa sana na viwanda kutengeneza mabomba ya magari, hunasa. Ni vyema kutaja aina inayotakiwa na kuiandika kwenye makubaliano pamoja na unene, ambao kwa kawaida huwa kati ya milimita 1.5 na 2.

La kukataa kabisa ni bomba la maji lililopakwa zinki. Linapochomelewa, zinki hugeuka moshi unaomletea fundi homa na maumivu ya kifua, nalo bomba likipata joto la injini hupoteza kinga yake pale pale ilipohitajika.

Gari lipimwe likiwa limekanyaga

Kosa la kawaida katika kazi hii hutokea bila mtu kulitambua. Gari huinuliwa kwa jeki kwenye chesisi, magurudumu yakaning'inia, kisha bomba likafungwa mahali panapoonekana kuwa na nafasi tele. Linaposhushwa, ekseli hupanda na nafasi hiyo hutoweka. Shimo la kwanza barabarani, ekseli hugonga bomba.

Shimo la kukagulia magari, ambalo baadhi ya watu huliona kuwa jambo la kizamani, lina faida hapa, kwa sababu gari hubaki limekanyaga chini huku fundi akifanya kazi chini yake. Bomba lipimwe gari likiwa na uzito wake wote, kisha likaguliwe tena ekseli ikiwa imening'inia. Katika hali zote mbili lisiguse shafti, nyaya za umeme, mabomba ya breki wala tangi la mafuta, na lisiteremke chini ya chesisi, ambako litakuwa la kwanza kukutana na jiwe.

Aidha, injini hutikisika juu ya mipira yake wakati chesisi haitikisiki hivyo. Bomba lililofungwa kwa chuma kitupu toka mwanzo hadi mwisho litapasuka tu. Linahitaji kipande kinachonyumbulika karibu na injini na mipira ya kulining'iniza nyuma. Flanji zenye bolti nazo ni muhimu, ili siku ya kufungua giaboksi bomba lisikatwe kwa msumeno.

Kabla ya cheche ya kwanza

Uangalifu wa fundi huonekana kabla hajawasha mashine. Hutoa nyaya za betri, kwani umeme wa kuchomelea unaweza kuua altaneta. Hufunga waya wa ardhi karibu na mahali anapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi na giaboksi. Huondoa au hukinga chochote chenye mafuta, na huwa na mtungi wa kuzimia moto mkononi mwa msaidizi. Asiyefanya hayo kwenye gari la mteja hatayafanya kwa sababu ameombwa.

Kazi ikiisha, mwenye gari asikubali kuikagua kwa masikio peke yake. Injini iwashwe ikiwa ya baridi, mahali pa wazi, na maji ya sabuni yapakwe kwenye kila kiungo. Povu likitokea, moshi unavuja. Baada ya siku chache za kuendesha, viungo vitazamwe tena: alama nyeusi ya masizi huonyesha tundu ambalo jicho halilioni. Bolti zikazwe upya, kwa kuwa joto huzilegeza.

Ukaguzi huo hauchukui saa moja. Lakini gari litakapofika mbali, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi na watoto wamelala nyuma, hakuna atakayeweza kuiona wala kuinusa gesi inayovuja. Bei nafuu ya gereji haitakuwa na maana wakati huo. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Katika bomba la moshi, inaweza kuvunja zaidi ya upishi.