Damu ya Mkulima Haifichi Sumu

Huenda una mjomba au kaka anayelima nyanya kule Subukia, kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu. Asubuhi hujitwika pampu mgongoni akanyunyizia dawa ya wadudu. Jioni hulalamika kwamba kichwa kinamgonga, macho yana ukungu na mate yanamjaa kinywani. Hunywa maziwa, akalala. Je, ni uchovu tu? Tone la damu yake laweza kujibu.

Ili msuli ujikaze, neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Hiyo hutua kwenye vipokezi vya msuli, mithili ya ufunguo katika kufuli. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja, msuli ukapumzika.

Dawa za jamii ya oganofosfeti na kabameti hukizuia kimeng'enya hicho. Ndivyo zinavyomuua mdudu. Lakini binadamu naye anacho! Kikizuiwa, ujumbe haukomi: jasho na machozi humtoka, misuli humtetemeka, na sumu ikizidi, hushindwa kupumua.

Ajabu ni kwamba kimeng'enya hichohicho kimo katika utando wa chembe nyekundu za damu. Daktari hawezi kuchungulia ndani ya neva zako, lakini aweza kupima damu. Tena chembe hizo hazina kiini, kwa hivyo haziwezi kuunda kimeng'enya kipya. Kilichoharibiwa na oganofosfeti hurudi polepole, kadiri chembe mpya zinavyozaliwa, na kila chembe huishi siku zipatazo 120. Anayenyunyizia kila wiki aweza kulimbikiza madhara kabla hajajihisi mgonjwa.

Si hadithi. Mnamo mwaka wa 2000, Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba nchini Kenya, wakiwamo wa Naivasha. Waligundua kwamba kimeng'enya hicho kilikuwa kimepungua katika damu ya waliotumia dawa hizi.

Kwa kuwa kiwango cha kawaida hutofautiana kati ya mtu na mtu, yafaa mkulima apimwe kabla ya msimu wa kunyunyizia, kisha arudie katikati ya msimu. Katika jimbo la California, Marekani, mfanyakazi huondolewa kwenye kazi hiyo kipimo cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kile cha awali.

Basi ukimtembelea mjomba, mweleze kwamba maziwa hayaondoi sumu hii. Avae glavu, buti na nguo za mikono mirefu, asinyunyizie akikabili upepo, na aoge kwa sabuni kabla ya kula. Nguo zake zifuliwe kando na za watoto. Dalili zikimpata, avuliwe nguo hizo, aoshwe, na akimbizwe hospitalini pamoja na chupa ya dawa aliyotumia. Huko daktari aweza kumdunga atropini.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.